Tawi Lenye Mfano Mmoja

Bachuki Khvistani hakulipenda neno "kanuni."
Alimenya viazi nikimhoji,
kinasa sauti kati yetu, juu ya gazeti lililojaa maganda.
Miaka thelathini na minne ameshika kizuizi
cha barabara ipandayo Svaneti,
yeye ndiye wa kusema: leo pita, leo lala.
Aprili anastaafu. Nimetumwa kutoka Kutaisi
nimtoe kichwani mwake, nimtie mashineni.

"Ikiwa upepo umegeuka," alianza.
Umegeuka kiasi gani?
"Kiasi cha moshi wa Pelagia kuingia kwangu."
Nikaandika: digrii arobaini, takriban.
Ndiyo kazi yetu hiyo. Jirani anageuka namba.

Theluji "nzito kidogo" ilinisumbua,
mpaka nikamwonyesha ile hesabu ya ukungu
inayokubali kitu kiwe kizito kwa sehemu tatu
na chepesi kwa sehemu saba, wala kisitiwe mbaroni kwa uongo.
Akaweka kisu chini.
"Hiyo," alisema, "naielewa."

Tukaongeza madaftari yake, baridi baada ya baridi,
mashine ikayasoma, ikauliza, ikagawa, ikauliza tena.
Usiku wa saba mti wa maamuzi ulikuwa umesimama
kichwa chini, mzizi juu,
kila kifundo swali, kila jani jibu:
funga, fungua, fungua, funga.

Kisha nikaanza kupogoa, kama tulivyofundishwa.
Mti unaokumbuka kila kitu
haujui kubashiri kesho.

Tawi la arobaini na moja:
upepo wa kaskazini usiku mbili mfululizo,
jua asubuhi, theluji kavu kama unga wa mahindi.
Jibu: funga.
Mfano mmoja, kati ya siku elfu nne na mia moja.
Programu ililitia rangi ya kijivu. Kelele, ilisema. Kata.

Nikaitafuta siku hiyo daftarini.
Tarehe tisa Februari, kwa hati yake:
*Nimefungua. Ivliane kapita saa tatu na robo, lori la maziwa.*
Basi. Ukurasa unaofuata ni wa Machi.

Pelagia ndiye aliyeniambia Ivliane alikuwa nani.
Mdogo wake. Wa mwisho.

Asubuhi nilimweleza Bachuki, macho yangu kwenye viazi:
likibaki tawi hili, barabara itafungwa
siku kumi na moja zaidi kila mwaka.
Nilidhani atalitetea.
"Siku kumi na moja," alisema. "Wewe unazijua?
Mwaka juzi nilifunga siku mbili, kwa woga tu.
Darejani alijifungulia humu kibandani,
pale ulipoweka mkoba wako.
Mtoto hakulia."

Nikauondoa mkoba.

Basi nifanyeje?
"Wewe ndiye uliyesoma."

Sikulikata. Kuliacha pia sikuliacha.
Niliandika mistari kumi na miwili ya msimbo:
tawi lisipige kura, ila lisifichwe.
Siku ikifanana na ile, skrini itasema
*Pendekezo: fungua. Uhakika: asilimia themanini na tatu.*
Na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule:
*Iliwahi kuwepo siku moja kama hii. Isome.*
Kitufe hakibonyezeki kabla hujaisoma.

Mkuu wangu alilalamika: sekunde kumi na mbili zinapotea,
mtumiaji hapendi kucheleweshwa.
Nikamwambia zihesabu kwenye gharama,
pamoja na mkate, maziwa, na chumba cha Darejani.

Juzi nilimfundisha Zviadi, kijana atakayeshika kizuizi.
Ana miaka ishirini na mitatu, vidole vyepesi.
Alipitia ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasita,
akauliza kama Ivliane ni kipimo cha theluji.

Nikamwambia, ndiyo.