Sistimu Imelala

Kijana wa dirisha namba nne ametangaza:
"Wazee wangu, sistimu imelala."
Amesema kama mtu mwenye kichanga ndani,
nasi tukapunguza sauti.

Uhakiki wa wastaafu, ghorofa ya pili, Posta.
Feni moja inazunguka, nyingine inaitazama.
Kila mtu na bahasha yake ya kaki,
na picha mbili za pasipoti
ambazo hakutoka vizuri.

Ndipo Rugaimukamu, mhasibu wa zamani,
akasema bila kuulizwa:
"Yangu ya kwanza haikuwa na picha hata moja.
Dosi. Giza, na kijistari kinapepesa
kama jicho la mdai.
Hukiamkii, hakikuamkii.
Ukikosea nukta, umekosa adabu."

"Na viatu tulivua!" akadakia Mwantumu wa takwimu.
"Kiyoyozi, zulia, pazia zito.
Bosi anatota jasho, kompyuta inapulizwa.
Soksi yangu ilikuwa imetoboka:
mwaka mzima nimesomea kompyuta
huku nimekunja kidole gumba."

Kisaka wa stoo alibeba flopi zake
kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa ajili ya vumbi.
Yeye ndiye aliyebandika ubeti ukutani,
na bado anaujua kwa moyo:

*Kioo giza totoro, maandishi ya kijani,*
*naandika kwa kihoro, jasho lashuka usoni,*
*nikikosa hata zero, wanijibu: sikuoni.*
*Sema bila mgogoro: u mashine ama jini?*

Baadaye yakaja Madirisha, na kipanya chake.
"Mafunzo rasmi," anasema Mwantumu, "siku tatu, Kurasini.
Tucheze karata, mkono uzoee.
Posho tulilipwa, tukasaini, kwa kucheza karata!"
Hata mlinzi akacheka, aliyezaliwa juzi.

Wakanigeukia. "Na wewe, Bi Hidaya?"
Nikasema, "Dosi, kama ninyi."
Nikaishia hapo.

Sikusema kwamba chumba cha wapiga chapa
tulikuwa sita, na taipu sita,
na tukianza pamoja asubuhi
ilikuwa kama mvua juu ya bati.
Likaletwa sanduku moja. Wakasema:
mtihani Ijumaa, atabaki mmoja.

Nilikuwa na daftari la amri zote,
nimezinakili saa za chakula, kwa penseli:
ya kuorodhesha, ya kunakili, ya kufuta.
Alhamisi Skolastika akaniomba, usiku mmoja tu.
Nikamwambia nimelisahau nyumbani, Mtoni.
Lilikuwa ndani ya pochi, chini ya kitambaa cha kufuma,
na pochi ilikuwa mapajani pangu.

Ijumaa mashine ilimgomea.
Ikamwandikia swali lake lile la Kizungu,
lenye njia tatu: uache, ujaribu tena, ushindwe?
Skolastika akageuka, akanitazama mimi,
si msimamizi.
Nilikuwa nalijua jibu. Herufi moja tu.

Nikafuma kifuniko cheupe cha kompyuta,
chenye maua pembeni. Kila mtu alikisifu.

"Imeamka!" kijana anapaza sauti.
Tunasimama kwa magoti yetu, taratibu.
Zamu yangu: "Weka dole gumba hapa, mama."
Naweka. Kitaa chekundu.
"Jaribu tena." Chekundu.
"Futa kidole, jaribu tena."
Nakifuta kwa ncha ya khanga, nasugua
kama mtu anayetoa doa.
Chekundu.

Anauvuta mkono wangu kwenye mwanga, kwa upole,
anauchungulia kama karatasi iliyolowa.
"Mistari imelika, mama. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mpiga chapa," nikasema.
Nyuma yangu feni ile moja.
"Tulikuwa sita."