Lebo ya Kishonanguo

Jamii ya alizeti. Naanza hivyo,
kwa penseli, maana wino hulia karatasi ikilowa.
Mmea wa mwaka mmoja, kimo cha goti langu.
Shina lina pembe nne: lizungushe vidoleni
utazihesabu hata umefumba macho.
Majani yametazamana, mawili mawili,
kila moja vipande vitatu, mara vitano,
ukingoni meno ya msumeno mdogo
wa kukatia kitu ambacho bado sijakijua.

Ua si ua moja. Hapa huwa natua kalamu.
Ule mduara wa manjano ni kijiji kizima,
maua arobaini yamebanana, kila moja na chavua yake,
na zile petali tano nyeupe zinazowaita nyuki
ni tasa. Zinakaribisha wageni
kwenye karamu ambayo zenyewe hazili.

Shangazi Nambooze alinicheka nilipomweleza.
"Ssere ni ssere," akasema.
"Ng'oa, sungura wana njaa."

Mahali: Kalungu, shamba la migomba la marehemu Ssemwezi,
mita elfu moja mia mbili na ushei juu ya bahari
ambayo hakuwahi kuiona.
Fundi cherehani. Miaka thelathini na mmoja
kwenye baraza ya duka la chumvi na mafuta ya taa,
sare za shule mbili, kanzu za maharusi,
sindano mdomoni hata akikusalimia.
Tulimzika Jumanne, mvua imetoka kuacha.
Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba,
pale pasipolimwa tangu augue,
na ssere ilisimama kiunoni, imekauka, tayari.

Tulipita. Ni hilo tu. Tulipita na jeneza.

Mbegu ni nyeusi, nyembamba, kama sindano iliyoungua,
kichwani miiba miwili, au mitatu,
na kila mwiba una vimiba vinavyotazama nyuma:
kuingia rahisi, kutoka kesi.
Haina mbawa. Haina utamu wa kumhonga ndege.
Ina sisi.

Asili yake Amerika, vitabu vinakubaliana.
Ilivuka katika pindo la nani, gunia lipi,
hakuna aliyeandika lebo.
Leo iko Arua, iko Soroti, iko Kisoro kwenye viazi,
iko kati ya vyuma vya reli ya Kasese iliyonyamaza.
Nimeweka vitone kwenye ramani hadi vimekuwa kivuli.
"Hapo palipo peupe," Daktari Tumwebaze aliniambia,
"si kwamba haipo. Ni kwamba hatujapita."

Usiku wa matanga tulikaa uani, wanawake kumi na wawili,
tukichomoana sindano kwenye gomesi kwa mwanga wa simu.
Kobusinge, mkwe, alikuwa nazo hadi ndani ya mshipi.
Hakuna aliyelia saa ile. Mikono ilikuwa na kazi.
Mtu akasema, "Fundi hataki tuondoke bila kupimwa,"
tukacheka, tukaona haya,
tukacheka tena.

Sasa ni mwezi wa nne.
Mlangoni kwa chumba changu cha kupanga, Kikoni,
kati ya saruji na bomba la maji machafu,
imeota. Mimi sikupanda.
Viatu vile vya msibani niliviosha hapo.

Kichwa kimoja hubeba mbegu za aina mbili:
ndefu za katikati, ambazo huota upesi,
na fupi za pembezoni, za kahawia,
ambazo hulala udongoni na kungoja
msimu mwingine, au ule utakaofuata.
Hii iliyoota ni ya zile zenye haraka.
Za kungoja sijui ziko wapi. Nimepapasa
pindo lote, mfuko, mshono wa bega.

Mkusanyaji: naandika jina langu, nalifuta.
Naandika: Ssemwezi, fundi.
Kisha naliacha hivyo, karatasi ikauke.