Nondo

Kiswahili kilifanya uchoyo hapa, au utani:
kilitoa jina moja kwa vitu viwili,
chuma kinachoshika zege lisipasuke
na mdudu wa usiku, vumbi lenye mabawa.
Emlyn Probert, wa bonde hili la Wales, hajui Kiswahili.
Lakini miaka thelathini na mmoja alizifua nondo zile
katika kiwanda kilichokuwa chini ya kilima hiki,
na sasa, kila Alhamisi, anawahesabu nondo hawa.
Kiambishi tu ndicho kilichobadilika.

Kiwanda kilifungwa. Bonde likabaki na taka zake:
mlima wa majivu na mawe yaliyoungua,
ardhi fukara isiyokubali hata nyasi nene.
Humo likaota ua la manjano, fupi, lenye manyoya,
na juu ya ua akaja kipepeo wa samawati ya moshi
asiyezidi ukucha wa kidole gumba.
Nani alimwelekeza? Hatujui.
Pale ambapo hakuna mkulima angelima, yeye alipanga chumba.

Saa tatu usiku, jua la Juni bado linasitasita,
Emlyn anashusha sanduku la mbao na taa.
Ceinwen, mpishi wa shule, analeta trei tupu za mayai,
maana nondo hupenda kulala katika vile vishimo.
Na Tirion, miaka kumi na minne, aliyeletwa kwa kuburutwa
na sasa ndiye mwenye macho.
Jenereta linakohoa. Taa inawaka.
Wanakunywa chai ya chupa, wanailaumu mvua ya jana.

Alfajiri wanafunua trei polepole,
kama mtu anayefungua barua asijue ni ya harusi au ya msiba.
Huyu ana rangi ya gome.
Huyu amejifanya kijiti kilichovunjika.
Huyu ni waridi na zeituni, na Ceinwen,
aliyemwona mara mia, bado anamwambia, "Ee, mpenzi."
Wanaandika. Wanawaachia kwenye majani yenye kivuli,
mbali na ndege mwenye kifua chekundu
ambaye naye amekwisha kariri ratiba.

Novemba walikuja watu wema.
Hapo ndipo penye ugumu: walikuwa wema.
Walileta miche mia nne, majembe mapya,
na bango la kuiokoa dunia.
Emlyn alisimama mbele yao, glavu zimetoboka, akasema:
hapa msipande.
Wakamtazama kama mtu anayetukana mvua.
Kivuli kitaua ua, akasema,
na ua likifa, yule mdogo hana pa kutaga.
Akafungua daftari. Miaka kumi na miwili ya Jumanne,
njia ileile, hatua mbili kushoto, mbili kulia:
jua, upepo, idadi. Arobaini. Kumi na tisa. Sufuri.
Sufuri. Sufuri, mvua. Tatu.
"Kwa nini uliandika sufuri?" kijana mmoja akauliza.
"Kwa sababu nilikuja."

Wengi walishuka, wakapanda kando ya barabara.
Miche kumi na mmoja ilipandwa kilimani hata hivyo, gizani.
Tirion aliing'oa na udongo wake,
akaihamishia nyuma ya shule, hakumwambia mtu.

Mei. Goti la Emlyn limeukataa mlima.
Amekaa garini, dirisha wazi, daftari pajani,
na mkono uliozoea kupima chuma kwa milimita
umeshika penseli fupi.
Kutoka juu Tirion anapaza sauti: "Mmoja!"
Emlyn anaandika moja.
"Wawili!"
Anaandika mbili.
Kimya. Upepo. Kisha:
"La! Ni yuleyule, amezunguka!"

Emlyn anatafuta kifutio.