Siri ya Koti

Walinilipa peni moja kwa kila tundu.
Hema langu lilikuwa nyuma ya uwanja, Shepherd's Bush,
kati ya jiko la chai na choo cha waheshimiwa,
na Julai ile London ilipata mvua isiyo na adabu,
asubuhi mvua, mchana mvua,
nyasi za mapambano zikawa uji.

Sikuona upanga hata mmoja ukichomolewa.
Niliwajua wanaume wa mataifa kwa makoti yao:
Mhungari aliyenuka karafuu na jasho,
Mdenishi aliyeshonewa na mama yake
kwa mishono mirefu ya mtu mwenye watoto wengi,
na Mholanzi mmoja asiyegusika,
ambaye koti lake nililitazama kwa chuki:
halikunipa hata peni.

Upanga na sindano ni watoto wa tumbo moja,
vyote hula kwa ncha.
Ila ule wao ulikuwa na meno matatu mdomoni,
madogo kama ya panya,
ili uking'ata kitambaa usiteleze.
Nipe tundu nitakwambia
limeingia kutoka juu au chini,
kwa hasira au kwa hesabu.

Jumatano adhuhuri nililishona koti la Joris Vanhecke wa Ghent.
Likatoka kwangu zima kama yai.
Likaenda pambano moja tu,
na Everard Tuckwell, karani wa benki kutoka Croydon;
atakayetangulia kugusa mara mbili ndiye mshindi.
Nikasikia makofi, nikasikia miavuli ikifungwa.
Kijana wa kutumwa akaleta habari pamoja na nguo:
Mbelgiji mbili, Mwingereza moja.

Nikalitandaza koti magotini.
Tundu la kifundo cha mkono, sawa, lile waliliona.
La pili lilikuwa kwapani,
mahali ambapo hata fundi hupima kwa haya:
meno matatu, safi,
na jani moja la nyasi, bichi, limenaswa kwenye uzi.
Waamuzi wanne, macho manane,
yote yalikuwa yakitazama kwingine.
Ngozi haina kwingine pa kutazama.

Akaja mwenyewe, Kiingereza chake kikichechemea.
"Matundu mangapi?"
"Mawili, bwana."
Akaangalia maji yakichuruzika kwenye kamba ya hema.
"Andika moja," akasema,
akaiweka peni ya pili mezani kwa mkono wake,
taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Nilikuwa na mama mgonjwa Hammersmith, na kodi ya Ijumaa.
Sitaki kusema hiyo ndiyo sababu.
Peni ni peni; kamati ingeilipa vilevile.

Hajafika mbali, Tuckwell akaja kuchukua glavu.
Alikuwa akicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha aga.
"Ajabu," akasema, "mkono wangu ulihisi.
Ncha ilisimama, kama inavyosimama kwenye kitu.
Ningeapa."
Koti lilikuwa mapajani mwangu.
Kiganja changu kilikuwa juu ya kwapa lake,
na chini ya kiganja nilisikia hewa baridi ikipita.
"Labda ni mvua, bwana," nikasema.
"Labda ni mvua," akakubali, akavaa kofia.

Nilishona mshono mzuri kuliko yote maishani mwangu,
uzi mmoja mmoja, kwa mwendo wa kitambaa chenyewe,
hata mfumaji angepita hapo bila kujikwaa.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
hii tuliijua sindano, kwapa na mimi,
na kati yetu ni mimi tu niliyejaliwa ulimi.

Kesho yake Vanhecke alitolewa na Mfaransa mfupi,
haraka, kana kwamba ana treni ya kuwahi.
Koti halikurudi kwangu.
Daftari langu linasema: Jumatano, Mbelgiji,
tarakimu moja, kisha doa la wino
pale kalamu ilipokaa muda mrefu.