Inatosha

Sanduku lenyewe dogo, kama tofali la mkate,
lakini Zuwena alinionya: "Baba, huu ndio moyo wake."
Nikamcheka. Moyo gani? Hili ni tumbo.
Linakula ukutani na kulisha wengine.

Miaka thelathini na moja nimevuta nyaya za watu,
Mabela, Khoudh, mpaka majumba ya Azaiba
yenye viyoyozi kumi na viwili na wakaazi watatu.
Nani aje anifundishe umeme ndani ya nyumba yangu?

Alikuwa amenunua kadi ya pili ya michoro,
pacha wa ile ya kwanza, kila moja na feni tatu,
achore shule ya Bidbid, madirisha arobaini
na kivuli cha kila dirisha saa sita mchana.
"Na pawa saplai?" akauliza.
Iliyomo ni ya wati mia tano na hamsini,
nilimnunulia mwenyewe mwaka aliofaulu.
Nikasema inatosha. Nikarudia, kwa sauti ya fundi:
inatosha.

Saa nane za usiku, mwezi wa saba,
viyoyozi vya mtaa mzima vinakoroma,
nikasikia tak.
Kitu kidogo, kama mtu aliyealika kidole.
Taa ya ukumbini inawaka. Friji inanguruma.
Giza limo katika chumba kimoja tu,
na ndani ya giza hilo mwanangu hasemi neno.
Heri angesema.

Kulipokucha nikatafuta penseli.
Kadi moja mia mbili na ishirini; mbili, mia nne arobaini.
Ubongo wa mashine, mia na ishirini na tano.
Feni, diski, na vile vitaa vya rangi nisivyovipenda, sabini.
Mia sita thelathini na tano,
na kadi zikishtuka huruka juu ya hesabu yao
kama mgeni anayeapa ameshiba, kisha akavuta sahani.
Nilikuwa nayajua haya yote.
Kila nyumba niliyoitia waya niliiachia nafasi ya kupumua.
Yangu nikaibania.

Ruwi, nyuzi arobaini na nne. Soli za viatu zinanata.
Biju wa Kerala, mwenye Kiswahili cha kuuzia,
akanitolea mawili.
La kwanza limeandikwa wati elfu moja, riali kumi na nne.
Nikalinyanyua. Jepesi kama ahadi ya mdeni.
Nikaligeuza, nikavaa miwani, nikasoma kibandiko:
mstari wa volti kumi na mbili, ampea thelathini.
Thelathini mara kumi na mbili, mia tatu na sitini.
Hiyo elfu iko wapi, Biju? Iko kwenye rangi?
Akacheka akitazama mlango.

La pili, mia nane na hamsini, halikujisifu.
Ampea sabini. Mikia minne ya kulishia kadi,
kila mmoja na waya wake, hakuna wa kuombana.
"Mzee, hili zito," akasema.
"Ndiyo maana," nikasema,
nikahesabu riali arobaini na moja, fedha ya matairi.
Gari litangoja. Lina breki.

Usiku Zuwena akafungua ubavu wa mashine,
skrubu akazipanga kwenye kisosi cha halua.
Mimi nikashika tochi.
Mara mbili mkono wangu ulitaka kusema kitu,
nikaurudisha kwenye tochi.

Sasa mchoro unapanda. Asilimia themanini na nane.
Shule inajaa jua, dirisha baada ya dirisha.
Tisini, pale palipokatika.
Hakuna aliyepumua.
Tisini na moja.

Nikaweka kiganja nyuma ya sanduku:
upepo vuguvugu, hauna harufu.
Zuwena hakugeuka. "Baba," akauliza, "inatosha?"

Nikahesabu tena kabla sijamjibu.