Nusu Mita

Kazi yangu ilikuwa kushika mti wa vipimo,
mrefu kunishinda mara mbili, mistari myekundu na myeusi,
nami nyuma yake nimesimama kama mshtakiwa,
jua la Langobaya likinichoma utosini,
na Injinia Shekuwe, jicho moja kwenye darubini,
akipaza sauti: Inua. Shusha. Usipumue.

Chombo kile wanakiita pimamaji.
Siku ya kwanza nilicheka: maji yenyewe yako wapi?
Korongo lilikuwa na kwato za mbuzi na vumbi.
"Tunayapima kabla hayajafika," alinijibu.
"Yakishafika, yanatupima sisi."

Tulichimba handaki hadi mwambani,
kisha tukatafuta udongo wa kulijaza.
Wa kilimani ulipasuka. Wa bondeni, mchanga mtupu.
Mbeyu ndiye aliyetuonyesha shimo la vyungu,
alikochimba mamake, na mama wa mamake.
Shekuwe akausokota viganjani ukawa uzi
mwembamba kuliko penseli, usikatike,
akaunusa kama mtu anunuaye samaki,
akasema: huu ndio moyo wa tuta.
Kwa hiyo ukuta ule, kwa ndani, ni chungu.
Chungu kimoja cha mita mia na themanini.

Mwaga, nyunyiza, shindilia.
Tabaka shubiri moja, si zaidi.
Udongo mkavu mno hukataa kushikana,
ukilowa mno hutembea chini ya mtambo kama uji.
Kitsao wa tingatinga alijua kwa makalio:
kiti kikiacha kutetemeka, tabaka limekubali.
Shekuwe hakuyaamini makalio. Alipima.
(Mara nyingi makalio yalikuwa sawa.)

Ndipo tukaupiga mstari wa maji.
Nikalizunguka bonde lote na mti wangu,
nikipigilia vigingi pale bwawa litakapokoma likijaa,
vigingi vyeupe hamsini na vitatu,
na cha arubaini na moja kikaangukia
nyuma ya kigango cha Gona wa Ndoro.

Nyuma. Si mbele.

Gogo la muhuhu, pembetatu juu ya pembetatu,
kitambaa chekundu kilichopauka shingoni.
Baba mkwe wa Mbeyu. Hahamishwi;
huachwa asimame hadi mchwa wammalize.
Hakuna aliyepiga kelele. Mbeyu alikitazama kigingi,
akauliza tu: "Maji yatamfika wapi?"
Nikauweka mti kando yake, tukasoma.
"Kidevuni," nikasema,
na nikauonea aibu mdomo wangu.

Usiku ule taa ya Shekuwe haikuzimwa.
Asubuhi mchoro ulikuwa umefutwa, umechorwa upya:
mfereji wa kumwaga ziada umeshushwa nusu mita.
Pembeni, kwa penseli, hesabu yake:
maji ya siku thelathini na nane, basi.
Yeye alikulia Faza, walikokunywa mvua
kutoka jabia, kwa kata, kwa zamu;
alijua siku thelathini na nane zina ndoo ngapi.
Akatia sahihi.

Masika yalianza usiku wa manane.
Maji yakapanda, yakimeza kigingi baada ya kigingi,
yakafika miguuni pa Gona, yakaramba nyasi,
yakageuka, yakaishika njia tuliyoyachongea.
Tuta halikutoa jasho hata tone.
Mbeyu alipanda juu akalipiga kofi,
vile upigavyo chungu kusikia kama kimeiva.

Sasa ni Februari. Wiki ya pili bwawa ni tope.
Kwa ile nusu mita lingetufikisha mvua.
Namwona Mbeyu, dumu kichwani, akishika njia ya Sabaki,
akipita karibu na kigango, mguu mkavu.
Siku nyingine humsalimia. Siku nyingine hampi hata jicho.

Nami ninalo langu, sijamwambia mtu.
Siku tuliyosoma kidevu,
Shekuwe alipaza sauti kama kawaida, usipumue,
na mimi, mti mkononi,
nilipumua.