Tundu Chini ya Mfuko wa Kushoto

Shati lilikuja ndani ya sanduku la watu wa sinema,
limekunjwa vizuri, lina tundu
chini ya mfuko wa kushoto, na doa la sharubati
ambalo kwenye sinema lilikuwa damu.

Mimi ni Siranush wa chumba cha nguo,
jengo la nne, Burbank, mlango usio na kibao.
Sindano zangu hukaa katika kopo la kahawa.
Mwaka ule wa themanini na moja waliniambia:
"Ziba. Kwenye televisheni hafi mtu."

Nikaziba.
Nilichomoa nyuzi pindoni mwa shati lenyewe
ili rangi isinisaliti.
Kwenye sinema Kuruta Pell alikufa dakika za mwisho,
watu wakatoka ukumbini hawasemezani.
Kwetu alipaswa kufufuka kila Alhamisi
saa mbili na nusu usiku, kati ya sabuni ya unga
na chakula cha mbwa,
amenyolewa, amenenepa kidogo,
akimwaga supu juu ya viatu vya sajini.

Yule nyota aliyekuwa sajini wa sinema hakutaka kuja.
Wakamleta Lonnie Prewitt, mtangaza magari wa Fresno
mwenye kidevu kilichofanana, ukimtazama kwa mbali.
Nilipunguza suruali, nikaongeza kola,
koti bado lilimkataa.
Nguo ya kuazima haisitiri,
naye alijua: kila akigeuka
alijishika nyuma kwa mkono
kama mtu aliyeona upepo unakuja.

Kambi nzima ilikuwa hatua ishirini na mbili.
Tope lilikuwa kakao na vumbi la mbao;
taa zikiwaka lilinukia keki
na wanajeshi sita wa kukodi walishinda na njaa.
Mlango wa bwalo ulifungukia ukuta.
Jenerali aliogopa bunduki, hata za mpira.

Siku ya kurekodi nilimketisha Mama safu ya tatu.
Kiingereza chake kiliishia kwenye bei ya nyanya,
kwa hiyo alicheka nyuma ya wenzake
kwa kitambo cha kumeza mate.
Wenye kipindi walimpenda. Walisema
kicheko kama hicho hakinunuliwi.
Kisha Pell akaingia na shati lake
na Mama akaacha.
Akanivuta mkono gizani, akanong'ona kwa Kiarmenia:
"Mshono ule ni wako. Umeziba nini pale?"

Sikumjibu.
Nyumbani, Glendale, kuna shati jingine
kwenye begi la turubai juu ya kabati.
Lilirudi mwaka wa sitini na nane bila kaka yangu Hrant,
nalo hakuna aliyeniagiza niliguse.

Tulirekodi vipindi vinane. Vitano vilionekana.
Cha sita kilisukumwa na ndondi,
cha saba na hotuba ya bei ya mafuta,
halafu Jumanne moja simu ikalia ofisini
na kabla kahawa haijapoa watu walikuwa wanang'oa kambi,
wanakunja mlima wa nyuma kama shuka.
Lonnie aliniachia koti juu ya cherehani.
Mfukoni, kikaratasi: "Samahani kwa jasho."

Leo nina miaka themanini na mitatu.
Nikikitaja kipindi, watu wananitolea macho.
Wanaikumbuka sinema.
Wanakumbuka kifo, mvua, ile kofia iliyobaki.

Mimi nakumbuka cha nane, ambacho hakuna aliyekiona.
Pell yuko jikoni, anamenya viazi vya kweli
(jioni ile tulivila kwa siagi),
kisu kinazunguka, ganda halikatiki,
anauliza bila kuinua kichwa:
"Posta imeshafika?"

Sajini anafungua kinywa.

Jibu lilikuwa kwenye cha tisa.